Fungu la Maneno "Bila ya Kuathiri" na Mipaka ya Serikali katika Katiba ya Tanzania

Watu wazungumzapo juu ya mipaka ya serikali, aghalabu hutaja wakuu, majeshi, mahakama na kura. Ni nadra kumsikia mtu akitaja sarufi. Hata hivyo, katika nchi ambayo katiba yake husomwa kwa Kiswahili, mpaka wa serikali huanza kuwa jambo la sarufi kabla haujawa jambo la nguvu. Mahali neno lilipowekwa katika sentensi, kiima kilichochaguliwa, kitenzi kilichoachwa bila ya mtenda, hayo yote huamua ni nani anayeambiwa asivuke mpaka: mwenye kutawala au mwenye kutawaliwa. Wanasheria wameyaandika mengi juu ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Wataalamu wa lugha wameyaandika machache, ijapokuwa maandishi yenyewe ni mali yao kama yalivyo mali ya wanasheria.

Hali ya Tanzania katika jambo hili si sawa na ya jirani yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inayo nakala ya Kiswahili, na ibara yake ya 7 yakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini ibara ya 259 yasema wazi kwamba nakala zikigongana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayoshinda. Kwa Tanzania mambo ni kinyume: maandishi ya Kiswahili ndiyo yanayotegemewa, na ya Kiingereza ni tafsiri tu. Kwa hiyo anayetaka kujua Serikali ya Tanzania imefungwa wapi na imeachwa huru wapi hana budi kuyatazama maneno ya Kiswahili yenyewe, kwa maana ya Kiswahili, wala si kwa maana ya lugha ambayo huenda watungaji waliifikiria walipokuwa wakiandika.

Yafaa kuanza na majina. Neno "serikali" lina asili ya Kiajemi, ambako sehemu yake ya kwanza ni kichwa na ya pili ni kazi. Likapitia Bara Hindi, ambako lilitumika kwa bwana na kwa utawala, likafika mwambao. Watu wa mjini wamelivunja kwa namna yao wenyewe, wakasema ni "siri kali". Mzaha huo hauna thamani yoyote kwa mtafuta asili ya maneno, ila huenda unayo kwa mwanafunzi wa siasa. "Mamlaka" latoka katika shina moja na "miliki" na "milki": ni nguvu ya mtu juu ya kitu kilicho chake. Lakini "madaraka" limesafiri safari ya ajabu zaidi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yalieleza kama shughuli zimpasazo mtu, mambo aliyojitwika, dhima. Mwenye madaraka ya nyumba alikuwa ni yule anayeulizwa chakula kikikosekana. Ilipofika tarehe 1 Juni 1963, Kenya ilipopata serikali ya ndani, siku hiyo ikaitwa ya Madaraka, na neno lilikuwa limekwisha kupinda kuelekea upande wa nguvu. Leo asemwaye kuwa "ana madaraka" ni mtu wa kuogopwa, si mtu wa kuulizwa. "Raia" nalo limepanda daraja: katika Kiarabu lilihusu kundi lenye mchungaji, katika Kiswahili cha zamani lilimaanisha mtu aliye chini ya mfalme, na katika Kiswahili cha leo ni mwenye nchi.

Maneno haya yote yamekutana katika ibara ya 8 ya Katiba. Ibara hiyo yaeleza kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, kwamba Serikali hupata madaraka na mamlaka yake kwao, kwamba lengo lake kuu ni ustawi wao, na kwamba itawajibika kwao. Ni vigumu kupata katika Kiswahili maelezo mafupi zaidi ya kazi ya serikali. Mamlaka, yaani umiliki, ni ya wananchi. Serikali ni mwazimaji. Ibara ya 9 yaendelea kuorodhesha shughuli ambazo vyombo vya dola vyatakiwa kuzielekea, na ibara ya 11 yagusa haki ya kufanya kazi, ya kujipatia elimu, na ya kusaidiwa wakati wa uzee na maradhi.

Lakini hapa msomaji hukutana na mambo mawili ya kumzuia. La kwanza ni kiambishi "-ta-". Kiingereza cha sheria kina kitenzi kisaidizi chake cha amri, ambacho pia huonyesha wakati ujao. Watafsiri wengi wa Kiswahili wamekigeuza kuwa "-ta-", na mazoea hayo yameingia katika sheria zote. Katika lugha ya kawaida, hata hivyo, "-ta-" haina amri ndani yake. Asemaye "nitakulipa kesho" ameahidi, naye asemaye "mvua itanyesha" ametabiri. Serikali iliyoambiwa "itawajibika" imetabiriwa au imeahidi. Iliyoambiwa "iwajibike" au "ni lazima iwajibike" ndiyo iliyoamriwa. Majaji wamezoea kuisoma "-ta-" kama amri, na mazoea hayo yasaidia. Lakini mwananchi asiyesomea sheria huisoma kama anavyosoma ahadi nyingine.

La pili ni zito zaidi, nalo halitokani na sarufi. Ibara za 8, 9 na 11 zimo katika sehemu ya pili ya sura ya kwanza, iliyopewa jina la malengo muhimu na misingi ya mwelekeo wa shughuli za Serikali. Ibara ya 7, katika fungu lake dogo la pili, yasema kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Basi kazi ya serikali imeelezwa vizuri katika chumba ambacho hakimu haruhusiwi kuingia. Haki za mtu mmoja mmoja zimo katika sehemu ya tatu, ambayo mlango wake u wazi. Jambo hili laeleza kwa nini mabishano yote makubwa juu ya mipaka ya Serikali yamefanyika katika sehemu ya tatu, hata pale ambapo jambo lenyewe lilihusu kazi ya serikali zaidi kuliko haki ya mtu.

Sehemu hiyo ya tatu haikuwako tangu mwanzo. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, katiba yake haikuwa na orodha ya haki inayoweza kutetewa mahakamani. Wala ile ya Jamhuri ya mwaka 1962 haikuwa nayo. Viongozi wa TANU walikuwa na sababu zao, nazo hazikuwa za kipuuzi: nchi ilikuwa maskini, majaji karibu wote walikuwa wageni, na waliogopa kwamba wageni hao wangeweza kutengua sheria za wawakilishi wa watu waliopata uhuru juzi tu. Tume iliyoshughulikia mfumo wa chama kimoja ilitoa ushauri wa namna hiyo hiyo mwaka 1965, ikaona ni afadhali iundwe Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo ilianza mwaka 1966. Wakati huo huo Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilikuwa ikitumika. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 ilizitaja haki katika utangulizi wake, na ile ya 1977 ikafanya vivyo hivyo. Lakini mwaka 1980, katika shauri la Lesinoi Ndeinai, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba utangulizi wa katiba si sehemu ya sheria ya nchi. Haki ziliandikwa barazani, nje ya mlango.

Ziliingizwa ndani na marekebisho ya tano, ya mwaka 1984. Utekelezaji wake mahakamani ulisimamishwa kwa miaka mitatu, hadi Machi 1988, ili Serikali ipate nafasi ya kuzisafisha sheria zake. Sehemu ya tatu ilipewa jina la haki na wajibu muhimu, maana watungaji hawakutaka haki zisimame peke yake. Na katika ibara nyingi za sehemu hiyo, uhuru ulipotajwa, ulitanguliwa au ulifuatwa na fungu la maneno la kuupunguza. Watungaji hawakuwa peke yao katika mtindo huo. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1984, nao unayo mafungu ya namna hiyo, yasemayo kwamba mtu ana uhuru fulani maadamu anafuata sheria.

Fungu linalostahili kuchunguzwa kuliko mengine ni "bila ya kuathiri". Ibara ya 18, kama ilivyokuwa tangu 1984 hadi 2005, iliutangaza uhuru wa maoni baada ya kuanza kwa maneno "bila ya kuathiri sheria za nchi". Maneno sita tu. Kitenzi "athiri" kina asili ya Kiarabu, chatokana na neno la alama au nyayo. Katika Kiswahili mara nyingi alama hiyo ni ya ubaya, kama ukame uathirivyo mazao. "Kuathiri" hapa ni kitenzi-jina, nacho hakina kiambishi cha nafsi. Nani basi asiyetakiwa kuathiri? Sarufi yajibu bila ya kusita. Asemapo mtu, "Aliingia bila ya kubisha hodi," hakuna anayeuliza ni nani ambaye hakubisha hodi. Kitenzi-jina hicho humrudisha msikilizaji kwa kiima cha kitenzi kikuu. Na kiima cha kitenzi kikuu katika ibara ya 18 kilikuwa "kila mtu". Kila mtu alikuwa huru kusema, na kila mtu huyo huyo ndiye aliyeonywa asiziathiri sheria. Katika sentensi iliyotungwa ili kumkinga mwananchi na Serikali, mwenye kukingwa alikuwa ni sheria ya nchi, na mwenye kushukiwa alikuwa ni mwananchi.

Inawezekana kusema kwamba huku ni kuikaza sarufi mno, kwamba watungaji walitaka kutafsiri tu fungu la Kiingereza lililozoeleka. Lakini hapo ndipo pana tatizo. Wanasheria wa Kiingereza hutumia mafungu mawili tofauti. La kwanza huliweka jambo chini ya jingine, kiasi kwamba yakigongana, la chini hushindwa. La pili husema kwamba kutajwa kwa jambo hili hakupunguzi nguvu ya jambo lile, na yote mawili husimama. Kiswahili cha Katiba kimeyatumia maneno "bila ya kuathiri" kwa kazi zote mbili. Msomaji wa Kiswahili peke yake hana njia ya kujua kama uhuru umewekwa chini ya sheria, au kama uhuru na sheria vimewekwa bega kwa bega. Anayetawala, kwa kawaida, huchagua maana ya kwanza.

Ibara ya 24 yaonyesha kwamba fungu hilo hilo laweza kuelekezwa upande mwingine. Fungu dogo la kwanza la ibara hiyo lampa kila mtu haki ya kumiliki mali na ya kuhifadhiwa mali yake kwa mujibu wa sheria. La pili laanza kwa "bila ya kuathiri", lakini safari hii kisichotakiwa kuathiriwa ni haki iliyotangulia, na sentensi yaendelea kupiga marufuku mtu kunyang'anywa mali yake bila ya sheria iwekayo fidia inayostahili. Hapa mwenye kuonywa ni mnyang'anyi, hata kama mnyang'anyi huyo amevaa kofia ya ofisi. Matokeo yake yalionekana katika shauri la Lohay Akonaay, lililotokea Arusha. Sheria Na. 22 ya mwaka 1992 ilikuwa imefuta haki za ardhi za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa kuhamia vijijini, na ikafunga njia ya kudai mahakamani. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua mwaka 1994 kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali kwa maana ya ibara ya 24, na kwamba jasho la mtu katika shamba lake lastahili fidia. Kama haki hiyo isingekuwa mali, wakulima wengi wa nchi hiyo wangekuwa kama wapangaji wasio na mkataba katika shamba la Serikali. Neno moja, "mali", lililotamkwa bila ya kufafanuliwa, liliweza kuubeba mzigo huo wote.

Fungu jingine litumikalo sana ni "kwa mujibu wa sheria". "Mujibu" ni ndugu wa "wajibu" na "wajibika": shina lao ni moja katika Kiarabu, shina la jambo lipasalo. (Si ndugu wa "jibu", ijapokuwa wengi huyachanganya, na mchanganyiko huo umezaa matumizi mapya, kwani waziri "anayewajibika" katika magazeti ya Tanzania ni yule aliyejiuzulu, yaani aliyelijibu kosa kwa cheo chake.) Swali lililoletwa mahakamani ni hili: kama haki yaweza kuondolewa kwa mujibu wa sheria, je, sheria yoyote yatosha? Kama jibu ni ndiyo, Bunge laweza kuimaliza haki kwa kutunga sheria asubuhi na kuitumia jioni, nayo Katiba itakuwa imeheshimiwa.

Mahakama ya Rufani ililijibu swali hilo mara mbili katika muda mfupi. Katika shauri la Daudi Pete, lililohusu kifungu cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai kilichokataza dhamana kwa washtakiwa wa makosa fulani ya nguvu, iliamua mwaka 1991 kwamba kifungu hicho ni batili, kwa kuwa hakikuweka utaratibu wa maana na kwa kuwa kilikuwa kipana mno hata kiliwanasa wasiokusudiwa. Katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, mwaka 1993, jambo lilikuwa la ajabu zaidi: sheria ilimtaka mtu anayetaka kuishtaki Serikali apate kwanza ridhaa ya Serikali hiyo hiyo. Mdai alikwenda kumwomba mdaiwa ruhusa! Mahakama ikakiondoa kifungu hicho. Kutoka katika mashauri hayo mawili ulipatikana mtihani wenye sehemu mbili: sheria inayopunguza haki isiwe ya kiholela, bali iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya; na upunguzaji wenyewe usizidi kiasi kinachohitajika ili kulifikia lengo halali. Kwa lugha ya wataalamu wa maneno, Mahakama iliirudisha "mujibu" kwenye shina lake. Sheria haikuwa tena karatasi yoyote yenye muhuri; ilikuwa ni jambo lipasalo. Mtihani huo ulitumika tena mwaka 2002 katika shauri la Ndyanabo, ambapo Jaji Mkuu Barnabas Samatta na wenzake walikifuta kifungu kilichomtaka anayepinga matokeo ya uchaguzi wa ubunge kuweka kwanza shilingi 5,000,000.

Yafaa ielezwe kwamba hukumu hizo ziliandikwa kwa Kiingereza. Jaji alisoma ibara kwa Kiswahili, akaigeuza, akaifikiria katika lugha ya pili, akaandika. Mtihani wa sehemu mbili ulizaliwa katika lugha hiyo ya pili, na mpaka leo hauna jina moja lililokubaliwa katika Kiswahili.

Shauri linaloonyesha vizuri kuliko yote nguvu ya "bila ya kuathiri" ni la Mchungaji Christopher Mtikila. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudishwa mwaka 1992, ilitakiwa kwamba mgombea wa urais au ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama hicho. Ndivyo zilivyosema ibara za 39 na 67. Mtikila alifungua shauri Dodoma mwaka 1993. Alitumia ibara ya 26, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria ili kuihifadhi Katiba, hata kama hakuumizwa yeye mwenyewe. Jaji Kahwa Lugakingira, mwaka 1994, alizisoma ibara hizo pamoja na ibara ya 21, ambayo wakati huo ilimpa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi bila ya kumtia katika chama, akaamua kwamba raia aweza kugombea ama kwa kupitia chama au akiwa mgombea binafsi.

Kabla ya mwaka huo kwisha, Bunge lilipitisha marekebisho ya kumi na moja. Ibara ya 21 haikufutwa. Haki ya kila raia haikuondolewa hata neno moja. Kilichofanyika ni kutia mbele yake fungu lianzalo kwa "bila ya kuathiri", likazitaja ibara ya 39, ya 47 na ya 67, likataja na sheria za nchi kuhusu kuchagua na kuchaguliwa, kuteua na kuteuliwa. Leo msomaji wa ibara hiyo hupita zaidi ya maneno ishirini kabla ya kumfikia "kila raia", na akimfikia humkuta amekwisha kuonywa. Yule aliyekuwa kiima mwanzoni mwa sentensi amesukumwa katikati yake. Kwa mwenye kufundisha sarufi, huu ni mfano bora wa kishazi tegemezi kilichoimeza sentensi kuu. Kwa mwenye kutaka kugombea bila ya chama, ulikuwa ni mwisho wa njia.

Mtikila hakukubali. Mahakama Kuu, safari hii mbele ya majaji watatu, ilimpa ushindi tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba jambo la mgombea binafsi ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliona kwamba kizuizi hicho kilivunja Mkataba wa Afrika. Hata hivyo uchaguzi wa mwaka 2015 na ule wa 2020 ulifanyika bila ya mgombea binafsi. Hoja ya Mahakama ya Rufani haifai kudharauliwa, kwa maana ni kweli kwamba majaji hawakuchaguliwa na watu, na woga wa mwaka 1961 haukuwa umekwisha wote. Lakini kama haki iliyomo katika Katiba yaweza kufungwa kwa fungu la maneno lililotiwa na wale wale wanaofaidika kwa kufungwa kwake, basi mwekaji wa mpaka na mwenye kuwekewa mpaka ni mtu mmoja. Kiswahili chalijua neno "pakana": mpaka wa mashamba ni wa watu wawili, na anayeung'oa mwimo peke yake usiku hasemwi kwamba amesahihisha mpaka.

Mambo hayakubaki vile vile kila mahali. Marekebisho ya kumi na nne, ya mwaka 2005, yaliyaondoa maneno sita ya mwanzo wa ibara ya 18. Uhuru wa maoni sasa waanza na mwenyewe, "kila mtu", nao wajumlisha haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Lakini ibara ya 30 ilibaki, nayo yaruhusu sheria kupunguza haki kwa ajili ya haki za wengine, ulinzi, usalama, afya, mipango ya miji na vijiji, na manufaa ya jamii kwa jumla. Baadhi ya wanasheria wameona kwamba kilichotoka mlangoni kingali kikiingia dirishani. Tofauti ipo, hata hivyo. "Bila ya kuathiri" ilikuwa imekaa ndani ya haki yenyewe, ikaipunguza kabla haijatamkwa. Ibara ya 30 yaja baadaye, nayo yamtaka anayepunguza aseme anapunguza kwa lengo gani. Ibara ya 24 ya Katiba ya Kenya imekwenda mbali zaidi: haki ndiyo kiima, kitenzi ni cha kukanusha, na dola au mtu anayetaka kuipunguza ndiye anayetwikwa mzigo wa kuithibitishia mahakama kwamba upunguzaji huo ni wa kiasi na wahalalishika katika jamii iliyo huru. Wakenya waliipigia kura katiba hiyo tarehe 4 Agosti 2010.

Tanzania nayo ilijaribu kuandika katiba nyingine. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilitoa rasimu yake ya pili Desemba 2013, na Bunge Maalumu likapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Mwaka 2020 sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu muhimu ilirekebishwa, ikamtaka anayefungua shauri aonyeshe jinsi alivyoguswa yeye binafsi; shauri la namna ya lile la Mtikila likawa gumu zaidi kulifungua, ijapokuwa maneno ya ibara ya 26 hayakubadilishwa.

Mwaka uliofuata, Sheria Na. 1 ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kuzigeuza sheria za zamani kutoka Kiingereza ikawa ni ya lazima. Katika sheria hizo yale mafungu mawili ya Kiingereza, la kuweka chini na la kuweka bega kwa bega, hutokea karibu kila ukurasa. Kiswahili chaweza kuyatenganisha kama kikitaka: "chini ya masharti ya" hulitosha la kwanza, na "bila ya kupunguza nguvu ya" hulitosha la pili, likabaki "bila ya kuathiri" kwa mambo ya mafuriko na nzige. Lakini mtafsiri aliyelelewa na Katiba ya mwaka 1977 hulikuta fungu hilo mkononi mwake kabla hajalitafuta, na sheria moja baada ya nyingine hutoka ikiwa imeandikwa hivyo.